Nasaha kwa Mpanda Baiskeli wa Lemara na kwa Wanaompita

Arusha imelala kwenye mteremko wa Mlima Meru, na Lemara iko upande wa chini. Mpanda baiskeli hahitaji ramani kulijua hilo, miguu humwambia. Asubuhi akielekea soko la Kilombero au Soko Kuu anapanda, jioni akirudi nyumbani anateremka. Kwa hiyo adabu ya asubuhi si adabu ya jioni, na nasaha hizi zianzie hapo.

Anayepanda kilima hana mwendo, na asiye na mwendo huyumba. Ukiwa na tenga la nyanya kwenye keria, au madumu ya maziwa yanayoning'inia huku na huku, usukani hukataa kutulia. Dereva aliye nyuma haoni jasho lako. Anachoona ni kitu kinachokwenda kulia na kushoto bila kujulikana kitaangukia wapi. Ukihisi umeanza kuyumba, shuka usukume. Wazee waliopanda baiskeli za Swala walisukuma pia, na heshima yao haikupungua. Vijana wengine hawataki kushuka; wao hudandia, wakashika bomba la nyuma la lori na kuvutwa hadi juu. Kwa hao sina nasaha ndefu. Dereva hajui kama upo, na akikanyaga breki ghafla hutapata hata nafasi ya kumlaumu. Acha.

Jioni, mambo ni breki. Zikague ungali mjini, kwa fundi, usingoje kuzijaribu mteremkoni. Wala usijiweke mbele ya lori kwenye mteremko ukidhani kila chenye breki kinaweza kusimama. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, kwenye barabara ya kwenda Namanga, lori lililoelezwa kuwa lilishindwa breki liliyaparamia magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Wengi wa hao walikuwa ndani ya magari, wamezungukwa na bati. Wewe umezungukwa na shati. Lori likikukaribia mteremkoni, jitoe mapema mahali palipo tambarare, liache lipite, kisha endelea na safari yako.

Kuonekana ni haki ambayo dereva anakudai. Mwezi Juni na Julai ukungu huteremka hadi mitaani na saa kumi na mbili asubuhi bado kiza kinang'ang'ania. Mtu aliyevaa koti jeusi juu ya baiskeli isiyo na taa hana msingi wa kumtukana aliyemkosakosa. Kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, riflekta nyuma, tochi hata ya kufunga kwa mpira wa tyubu: vitu vidogo, lakini bila hivyo malalamiko yako yana pengo.

Wahenga walituachia neno, mwenye nguvu mpishe. Nalikubali, ila barabarani limeeleweka vibaya. Wengi wanadhani kumpisha mwenye nguvu ni kuendesha juu kabisa ya ukingo wa lami, tairi likilamba mchanga, mtaro ukiwa umefungua kinywa upande wa kushoto. Ukijibana hivyo unamwalika dereva ajaribu kupita hata pasipo na nafasi, na akikosea huna pa kukimbilia. Kaa hatua moja kutoka ukingoni, nyoosha mwendo, mpishe pale unapoona wewe kwamba panapishika. Ukitaka kukata kona toa mkono mapema, na usigeuke nyuma kwa kushtuka, kwani baiskeli hufuata bega. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakuhusu kama inavyomhusu mwenye Land Cruiser ya watalii. Kushoto ni kushoto kwenu wote, na kwenye kipilefti cha Impala hakuna njia ya mkato ya baiskeli, ingawa wapo wanaoizunguka kinyumenyume kana kwamba walipewa kibali.

Sasa na wewe dereva, maana nasaha za upande mmoja huwa lawama tu.

Kama ni wa daladala, najua una hesabu ya tajiri. Jioni anaingoja, na foleni ya Barabara ya Sokoine haimhusu. Ndiyo maana unatanua, unachomekea, unasimama ghafla kwa abiria mmoja aliyeinua kidole, na aliye kushoto kwako juu ya baiskeli anajikuta kati ya bodi na mtaro. Lakini fanya na hesabu hii. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde mbili umekwenda mita 28 bila macho. Ndani ya mita hizo 28 anaweza kuwamo mama anayerudi na majani ya ng'ombe.

Unapompita mpanda baiskeli, mwachie nafasi ya kuanguka. Wafaransa wameiandika katika sheria: mita 1 mjini, mita 1.5 nje ya mji. Sisi hatuhitaji kungoja wino. Ikiwa gari linakuja mbele na barabara haiwatoshi nyote watatu, anayesubiri ni wewe, kwa sababu kwako kusubiri ni kupunguza gesi, na kwake kukosea ni kuvunjika nyonga. Honi ipige mapema na kwa ufupi, kumjulisha. Honi ndefu sikioni humshtua, na aliyeshtuka hugeuka, huku nimekwisha sema baiskeli inafuata bega. Ukiegesha, fungua mlango kwa mkono wa kushoto. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mkono huo haupokei wala hautoi, lakini hapa ndio wenye adabu: usukani wetu uko kulia, na ukiupeleka mkono wa kushoto hadi kwenye kitasa mwili wote hugeuka, na macho yanamwona anayekuja nyuma.

Nirudi kwa mpanda baiskeli, maana kuna jambo gumu kuliko yote: umekosewa kweli, na unajua umekosewa. Gari limekubana, limekurushia maji ya dimbwi, konda kakucheka. Mwili unatetemeka. Kumbuka kwamba bado uko juu ya magurudumu mawili katikati ya magari, na hasira inahitaji mikono yote miwili. Usikimbize gari. Usitoe tusi, kwani tusi halina breki, na kilichobaki cha safari utakiendesha huku ukitunga majibu badala ya kutazama mashimo. Ukiwa umebanwa kituoni na gari linaanza kuondoka, piga bodi kwa kiganja. Konda analijua pigo hilo na atamsimamisha dereva. Ngumi ni kitu kingine. Shuka, simama, pumua, soma namba ya gari. Dereva wa njia yenu utamkuta kesho palepale kituoni, na hapo ndipo pa kuzungumza. Msalimie kwanza. Akikuzidi umri ni shikamoo, hata kama jana alikuudhi, kisha: "Mzee, jana pale kwenye tuta ulinibana, nusura niingie mtaroni." Atakataa, au atasema hakukuona. Mwache akatae. Kesho kutwa atakuona.

Na ukigongwa, ukaanguka, watu watajaa kabla vumbi halijatulia. Katika nchi yetu magazeti yamewapa watu hao jina, wananchi wenye hasira kali, na kazi yao tunaijua. Ukiwa na uwezo wa kusema neno moja, liwe "Msimpige." Uliyeumia ndiye unayesikilizwa hapo, hakuna mwingine. Dereva akiogopa kuuawa atakimbia, na akikimbia ametoweka na bima yake, na hospitali itakuangukia wewe na ndugu zako.

Vilevile usikubali kumalizana haraka. Elfu kumi ya dawa inayotolewa kandokando ya barabara huonekana nyingi wakati damu ingali moto. Usiku maumivu ya kiuno yakianza, aliyeitoa yuko Babati. Nenda polisi, chukua fomu ya PF3, tibiwa, acha maelezo yaandikwe. Kila gari linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni wewe. Kudai kwa karatasi si kumchukia dereva. Wengine hudhani aliyesamehe hapaswi kwenda kituoni. Sioni kwa nini mambo hayo mawili yasikae pamoja.

Wamebaki abiria, na hawa ndio hunikera zaidi, kwa sababu wanaona kila kitu kupitia dirishani na wamenyamaza. Gari likimbana mpanda baiskeli, ninyi kumi na zaidi mmeshuhudia. Anayekaa kiti cha mbele aseme kwa sauti ya kawaida, "Dereva, mpishe huyo, hatuna haraka." Hata kama anayo. Akinuna, abiria wa nyuma aunge mkono. Na tajiri mwenye gari, ambaye pengine anaishi Lemara hiyohiyo na mwanawe anakwenda shule kwa baiskeli, amuulize dereva wake jioni, kabla ya kupokea hesabu, kwamba leo amewapitaje watu.