Mstari wa Kukisia na Mstari wa Kupima

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi hudhani kwamba amri hiyo huvunjwa kwa ulimi tu. Mwezi huu twapenda kuuliza: je, mtu aweza kusema uongo kwa mstari na tarakimu, asitamke neno lo lote?

Swali hili latuhusu sisi wa Shinyanga na Geita. Mgodi wa kale wa Geita ulichimbwa chini ya ardhi mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Penye kazi za kale pana michoro ya kale, iliyochorwa kwa mkono. Na fundi wa siku hizi huitia katika kompyuta, ili kitu kilichochakaa kipate kufanywa upya. Sehemu zilizonyoka hazimshindi. Taabu iko katika sehemu zilizopinda, kama tao la chuma lishikalo paa.

Tuchukue mfano. Tao lina upana wa meta 3, na mchoro waonyesha kimo cha sentimeta 30 katikati. Likiwa ni kipande cha duara, hesabu yatoa nusu kipenyo cha meta 3.9. Lakini kimo kikiwa sentimeta 20, nusu kipenyo chapita meta 5.7. Katika mchoro uliopunguzwa mara 100, tofauti hiyo ya sentimeta 10 ni milimeta 1 tu, kama unene wa mstari wa kalamu butu. Nayo karatasi hutanuka na kunywea kwa unyevu. Tena huenda mchoraji wa kwanza hakutumia duara kamwe, bali alipinda ubao mwembamba akaufuata kwa kalamu.

Hata hivyo kompyuta haikatai. Ipe nukta tatu zisizo katika mstari mmoja, nayo itapitisha duara, na kuandika kipimo chenye tarakimu nyingi. Atazamaye huamini kwamba kimehakikishwa, kumbe kimetoka katika mstari uliofifia.

Wako watakaosema, "Tukingoja hakika yote, hakuna kitakachojengwa." Neno hilo ni kweli, wala kukisia si dhambi. Fundi mwema kwanza huenda kukipima kitu chenyewe, kama kingalipo, katika nukta nyingi. Penye pengo huchora mstari wa vipande vipande, akaandika kando yake kwamba hapo amekadiria. Kisha huonyesha tao lingekuwaje kama kimo kingezidi au kupungua, ili mwenye kupima nguvu zake achague njia ya salama. Dhambi huanza pale tunapoufanya mstari wa kukisia ufanane na mstari wa kupima, kwa kuogopa kuonekana hatujui. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo chaweza kumpata mwingine.

Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa chini ya ardhi, na watano wakaokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Hatusemi kwamba mchoro ndio ulioleta msiba ule. Twakumbuka tu kwamba aingiaye chini ya paa huweka uhai wake mikononi mwa watu asiowajua. Yeye hakuiona karatasi, wala hakuulizwa. Huyo ndiye jirani anenwaye katika amri.

Wala jambo hili si la mafundi peke yao. Mwinjilisti huandika ubatizo wa mzee asiyejua mwaka aliozaliwa, ila kwamba ulikuwa mwaka wa njaa. Nafasi katika daftari i wazi, na mkono watamani kuijaza kwa siku, mwezi na mwaka. Atakayelisoma daftari lile baada ya miaka 50 atasadiki yote. Neno "yapata" likitangulia mwaka, halilipunguzii daftari heshima. Msomaji apata kujua ni wapi aweza kuliegemea.

Basi, wazazi na walimu, tuwazoeze vijana wetu, hasa wanaojifunza ufundi, kusema pasipo aibu, "Hapa nimepima, hapa nimekisia." Naye bwana kazi asimdharau kijana asemaye hivyo, maana amemtunza jirani yake.