Subira na Maana ya Maisha

Viktor Frankl, tabibu wa Vienna aliyefungwa katika kambi za Wanazi tangu 1942 hata 1945, alifundisha kuwa mtu aweza kustahimili mashaka akiona maana ya maisha yake. Je, tiba hii yawafaa Waturuki? Baada ya zilzala ya Februari 2023, iliyoua watu zaidi ya 50,000 nchini Uturuki, neno kader, yaani kadari, lilikuwa vinywani mwa wengi. Sisi twaona tabibu asilipinge neno hilo, wala asilitumie kumnyamazisha mfiwa. Na amwulize: "Wewe uliyebaki, ni nani akuhitajiye?" Maana hapewi mtu kama kidonge, huitafuta mwenyewe, katika jamaa zake na imani yake. Na kusubiri si kunyamaza. Ni kushika wajibu hali moyo ungali ukiuma.