Siku ya Kukodi

Mtu akikodi chombo kwa siku moja, amekodi nini hasa? Mbao na mashine, bila shaka. Mafuta, na jasho la mabaharia. Lakini je, amekodi pia hukumu ya nahodha, hata nahodha akiona hatari alazimike kunyamaza kwa kuwa siku imekwisha kulipiwa? Swali hili lilinijia katika Ghuba ya Speke, nami siku ile nililijibu vibaya.

Mimi ni mzaliwa wa Ngulyati, wilaya ya Bariadi. Kwetu mbingu hutazamwa kwa ajili ya pamba na mahindi, si kwa ajili ya safari za majini. Lakini mkoa wetu wa Simiyu nao una ufuko wake: wilayani Busega nchi hukoma kwenye Ziwa Viktoria, na huko, Machi mmoja, nilimpeleka mgeni wangu, mwalimu wa chuo kingine, aliyetamani kuvua sangara kwa mshipi. Tulikodi mtumbwi mkubwa wa mashine tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Nusu ya ujira tulitoa asubuhi. Nusu ilikuwa ya marejeo. Nahodha alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, pamoja na vijana wawili aliowaajiri yeye.

Asubuhi maji yalitulia. Tuliburura chambo polepole, na kabla ya saa nne mgeni wangu alikuwa amepandisha sangara mnene, akafurahi kama mtoto. (Sangara mwenyewe ni mgeni ziwani, alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wengi waliokuwa wenyeji. Lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Yapata saa saba nikaona kwamba nahodha ameacha kutazama maji, anatazama nchi kavu. Sisi tulielekea magharibi, kwenye ziwa kuu, ambako kulikuwa kweupe. Yeye alitazama mashariki, upande wa Serengeti, ambako mawingu yalikuwa yakipandana kama vichuguu. Upepo wa mchana, ambao hutoka ziwani kwenda barani kwa sababu ardhi hupata joto upesi kuliko maji, ulikatika ghafula. Kisha ikatufikia pumzi ya baridi kutoka barani.

“Mwalimu, tunarudi,” akasema.

Mgeni akanikumbusha kwamba siku yetu ni mpaka jua kuchwa. Nami, kwa kutaka kumpendeza, nikasema, “Mzee, tungoje kidogo. Samaki ndiyo kwanza wameanza kula.”

Akajibu kwa upole, “Ujira ni wako, Mwalimu. Watu ni wangu.” Akageuza chombo.

Tufani haikuja. Tulipofika mwaloni mawingu yalijisogeza kaskazini yakamwaga mvua yake huko, na saa kumi ghuba ilikuwa shwari, jua linang’aa juu yake kama la kutukejeli. Mgeni wangu alicheka. Mimi nikahesabu sehemu ya ile nusu iliyobaki, nikampa mzee, nikasema kwamba siku haikutimia. Aliipokea bila kuihesabu.

Tangu hapo nimejiuliza: kama tufani ingalikuja, ningalimpunguzia? Ningalimlipa yote na kumwongezea, na pengine kumsifu mbele ya watu. Basi tendo lile lile, la mtu yule yule, mwenye ujuzi ule ule, lilikuwa hekima au hasara kwa uamuzi wa wingu, uliofanyika sisi tumekwisha kushuka. Hili akili haiwezi kulikubali, lakini mikono yetu hulitenda kila siku. Ngulyati nilimwona jirani akipanda pamba kabla mvua haijashika. Mvua ikamwahi, tukamwita mwerevu. Mwaka uliofuata akafanya vile vile, mbegu zikafa kwa ukame, tukamwita mpumbavu. Mtu hakuwa amebadilika. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia, watabiri wakaonya na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Nilisikia watu wakilalamika baadaye kwamba walitishwa bure, na hali barabara ya kwenda Lindi ilikuwa imekatwa na mafuriko.

Atakuja mtu aniambie: ukimpima nahodha kwa alichoweza kujua tu, kila mwoga atajificha humo. Kweli, nahodha anayekimbia kila wingu anaiba siku ya watu. Walakini mzee yule hakupata faida kwa kurudi. Hadhari yake ilimgharimu yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyemtoza. Mtu anayeonya kwa hasara yake anastahili kusadikiwa kuliko anayeonya kwa faida yake. Tena kuna lile neno lake. Mapatano yetu yaliweza, kwa shida, kuihatarisha roho yangu na ya mgeni wangu, maana sisi tulikuwa na hiari. Wale vijana wawili hawakuulizwa neno. Wao hawakuwa katika bei, na hakuna fedha ambayo ningaliweza kuitoa asubuhi ile ikawatia ndani yake. Mimi, mwenye shahada ya udaktari, sikuwahesabu; yeye aliwahesabu kwanza.

Mwezi Juni nilirudi mwaloni na fedha iliyosalia. Mzee alikuwa ziwani. Nilimkuta mkewe anaanika dagaa, nikampa. Akaniuliza ni deni la nini. Nikasema ni la siku moja ya Machi. Alinitazama kidogo, akazifunga katika pindo la kanga, akarudi kwa dagaa zake.