MAZOEA HUFUNGA MACHO: JE, NI HATIA?

Mara nyingi twasikia mtu akijitetea hivi: "Sikukusudia ubaya; sikuona tu." Twamsamehe, na ni vema. Lakini yafaa tuulize: je, mtu aweza kuwa na hatia kwa ajili ya jambo ambalo hakuliona? Swali hili lilinijia siku nilipomkosea mtoto mmoja wa darasa langu.

Nalikuwa nimewafundisha watoto kuzidisha kwa kuandika tarakimu safu kwa safu. Nikawapa hesabu hii: magunia ni 7, na kila gunia lina machungwa 99, jumla yake ni machungwa mangapi? Mtoto mmoja akajibu upesi, "693," na daftari lake lilikuwa tupu. Nikaamini kwamba amenakili jibu la jirani yake. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwita mwizi. Hata jioni akanijia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, naliongeza chungwa moja katika kila gunia, yakawa 100. Magunia 7 yakawa na machungwa 700. Kisha nikayatoa yale 7 niliyoyaongeza." Njia yake ilikuwa fupi kuliko yangu, wala hapakuwa na wizi wowote. Nikaona haya.

Ndipo nilipokumbuka habari za Abraham Luchins, mtaalamu wa elimu ya fikira za watu huko Marekani, ambaye mwaka 1942 alitangaza majaribio yake. Aliwapa watu mafumbo ya mitungi. Fumbo moja ni hili: una mtungi wa vipimo 21, na wa pili wa vipimo 127, na wa tatu wa vipimo 3, utapataje vipimo 100 vya maji? Jawabu lake: jaza ule mkubwa, kisha kwa maji yake ujaze ule wa 21 mara moja na ule wa 3 mara mbili; yatakayobaki ni 100. Akawapa mafumbo kadha wa kadha, yote yakifumbuliwa kwa njia hiyo moja.

Baadaye akawapa hili: mitungi ni ya vipimo 23, 49 na 3, vyatakiwa vipimo 20. Ndugu msomaji, simama kidogo ufikiri. Wengi walijaza tena mtungi mkubwa, wakatoa 23, wakatoa 3 mara mbili. Kweli walipata 20. Lakini yatosha kujaza ule wa 23 na kutoa 3 tu! Watu ambao hawakuzoezwa njia ndefu waliiona ile fupi bila taabu. Tena lilikuwako fumbo la mitungi ya 28, 76 na 3, vikitakiwa vipimo 25. Hapo njia ndefu haifai kabisa, na njia fupi i wazi. Hata hivyo wengi wa wale waliozoezwa walishindwa. Hawakuwa wajinga. Akili zao zilikuwa zimekwisha kushika njia, zikaacha kutazama.

Basi, tuyalaumu mazoea? Hasha. Mazoea ni kipawa cha Mungu. Kama mama angalifikiri upya kila asubuhi jinsi ya kushika mchi, chakula kisingalikuwa tayari hata jua kuchwa. Kama wewe ungalitambua kila herufi ya ukurasa huu kama mgeni, usingalifika mstari huu. Na desturi nyingi za wazee wetu ni hekima iliyopatikana kwa taabu. Mwenye kuzitupa bila kuzipima ni mpumbavu vile vile.

Lakini kuna tofauti kati ya mitungi na watu. Mtu akikosea njia ya mtungi, hasara yake ni maji na wakati. Akikosea njia ya kumhukumu mwenziwe, hasara ni jina la mtu. Kuku akipotea, twamtaja yule aliyeiba mwaka juzi. Mtoto akiugua, twamtupia jicho jirani tusiyempenda. Twafuata njia ile ile, nayo yatufikisha mahali pale pale, nasi twadhani tumefikiri.

Mkumbuke Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alitazamia kuponywa ukoma wake kwa namna aliyoizoea katika mawazo yake: nabii atoke, asimame, amwite Mungu wake, apunge mkono. Alipoambiwa aoge tu katika Yordani mara 7, alikasirika, akageuka kwenda zake. Waliomfumbua macho ni watumishi wake. Sifa ya Naamani si kwamba aliona tangu mwanzo, maana hakuona. Sifa yake ni kwamba aliwasikiliza walio wadogo kwake, akashuka mtoni.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo lilipo jawabu la swali letu. Kutoona si dhambi. Ni udhaifu wetu sote. Hatia yaanza pale tupatapo nafasi ya kuuliza, nasi hatuulizi. Au tunapoambiwa, nasi twaziba masikio kwa kuwa msemaji ni mtoto, au maskini, au mgeni. Mimi sikuwa na hatia kwa kutoijua njia ya yule mtoto. Nalikuwa na hatia kwa kumwita mwizi kabla ya kumwuliza neno hili moja: "Umepataje?"

Kesho yake nalimsimamisha tena mbele ya wenzake, safari hii ili awafundishe njia yake, nami nikamwomba radhi wakisikia. Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Bwana atujalie macho ya kutazama upya, na moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu.