Meli za Laiti

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu, wenzangu walitarajia nifuge kuku. Kuku ninao, lakini saa nzuri za jioni nazitumia kwa kazi isiyonipatia hata yai moja: nachora manowari za Uholanzi ambazo hazikupata kuwapo. Kitabu cha manowari niliachiwa na mkufunzi Mholanzi aliyefundisha hisabati chuoni kwetu miaka ya 1980. Nami nilikuwa mwalimu wa hisabati, na hesabu zilizofichika ndani ya picha zile ziliniteka.

Mchezo wenyewe huanzia kwenye kura moja. Tarehe 26 Oktoba 1923 Bunge la Uholanzi lilipigia kura muswada wa kujenga kikosi kikubwa cha manowari cha kulinda koloni lake la Asia, ambalo leo ni Indonesia. Muswada ulianguka kwa kura 50 dhidi ya 49. Mimi, kwa kalamu yangu, namgeuza mbunge mmoja, kisha natazama ni meli gani zingejengwa.

Yaliyotukia kweli yanajulikana. Manowari De Ruyter, iliyoanza kazi mwaka 1936, ilijengwa kwa ubahili wa miaka ya mdororo wa uchumi: tani 6,500 hivi, mizinga mikubwa saba ya milimita 150, na hakuna topido hata moja. Tarehe 27 Februari 1942, katika Bahari ya Java, kikosi chake kilipambana na Wajapani waliokuwa na manowari Nachi na Haguro, kila moja ikiwa na mizinga kumi ya milimita 203. Usiku ule topido za meli hizo mbili ziliizamisha De Ruyter pamoja na mwenzake Java. Watu zaidi ya 800 walikufa ndani yake, akiwamo kamanda wa kikosi, Karel Doorman.

Nani asingetamani kuwapa watu wale meli bora? Basi naongeza mizinga miwili. Lakini meli ni mwalimu mkali. Ukirundika uzito juu, inayumba. Ukiipanua ili itulie, inataka mitambo mikubwa zaidi ili isipoteze mwendo wake wa karibu kilomita 60 kwa saa. Ukikuza mitambo, bamba za chuma za kuikinga nazo lazima ziongezeke, na kila tani hulipiwa. Kwa hiyo pembeni mwa kila mchoro naweka jedwali la uzito. Jumla isipolingana na uwezo wa meli kuelea, mchoro ule ni uongo, hata ukipendeza namna gani.

Nilijivunia uaminifu huo mpaka siku mjukuu wangu aliponiinamia begani akauliza, "Babu, meli yako ikishinda, Indonesia inabaki ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima mizinga, mafuta, minyororo ya nanga, hata maji ya kunywa. Watu ambao manowari zile ziliwekwa ili kuwatawala sikuwapima. Na walikuwamo hata ndani ya meli zenyewe, kwa kuwa Waindonesia walifanya kazi humo kama mabaharia. Mwezi Februari 1933, mishahara ilipopunguzwa, mabaharia wa Kiindonesia pamoja na baadhi ya Waholanzi waliiteka manowari De Zeven Provinciën. Tarehe 10 ndege ya serikali iliidondoshea bomu, na watu 23 wakafa. Kitabuni mwangu habari ile ilikuwa na sentensi mbili, nami nilikuwa nimeziruka nikitafuta unene wa bamba za chuma.

Niliporudi kuzisoma sentensi zile, nilikumbuka jambo langu. Nikiwa mkuu wa chuo, wanachuo waligomea chakula kwa sababu maharage yalikuwa na wadudu. Wadudu walikuwamo, niliwaona kwa macho yangu. Hata hivyo nilitia saini barua za kuwafukuza wanachuo tisa, nikisema nalinda nidhamu. Tangu hapo, usiku ninapokosa usingizi, naichora upya siku ile: laiti ningeliitisha kikao, laiti ningelimwita mzabuni kwanza. Katika mchoro huo mimi hutoka nikiwa mkuu mwenye busara, nikashangiliwa. Wale tisa hawana sura. Wapo ili mimi nipendeze.

Wahenga walisema ningalijua huja nyuma, na wengi huichukua methali hiyo kuwa amri ya kuacha kuwaza yaliyopita. Sikubaliani nao. Asiyeuliza "laiti" hawezi kujifunza, maana kila kosa ataliita kudra. Ila naamini "laiti" ina sheria ileile ya meli: kila unachoongeza kina uzito, na lazima useme nani anaubeba. Anayetamani ushindi wa jana bila kutaja ushindi ule ungemkalia nani shingoni, amechora meli isiyoelea.

Mwaka 2016 wazamiaji walikwenda kuyatazama mabaki ya De Ruyter na Java. Hawakukuta kitu ila alama zake kwenye sakafu ya bahari. Chuma kilikuwa kimeibwa. Kaburi la mamia ya watu liligeuzwa chuma chakavu. Nilihuzunika, kisha nikajiuliza kama nami, kwa penseli, sikuwa nikichukua chuma na kuwaacha watu.

Sijaacha kuchora. Ila jedwali langu sasa lina safu moja zaidi, isiyo na tarakimu, ambamo naandika meli hii ingetumwa kwa nani. Michoro kadhaa imeishia hapo.

Mwaka 2011 nilikutana na mmoja wa wale tisa kwenye stendi ya mabasi. Mvi zilikwisha kumwingia. Alinipa shikamoo kwa heshima zote, nikaitikia marahaba, tukaulizana hali za nyumbani, basi lake likaja. Neno lililonipasa kusema sikulisema, wala sikumuuliza maisha yalimpeleka wapi baada ya barua yangu. Wiki hii nimeanza kuuliza anakoishi.