Nani Alikuchorea Picha Hiyo?

Maandiko: Luka 8:1-3, Yohana 20:11-18, Matendo 13:1-3

Leo sitaanza na ushuhuda. Nitaanza na toba, na ni toba yangu mimi.

Mnakumbuka ule mchezo wa Pasaka ambao vijana wetu walicheza hapa mbele. Mlipiga makofi, na wengi mkaniambia nimefanya kazi nzuri. Kuna jambo hamkuliona. Tulipokuwa tukigawa nafasi, msichana mmoja wa miaka 13 aliniomba awe Maria Magdalene. Maneno yote alikuwa ameyashika kwa kichwa, na sauti anayo. Nikampa mwingine. Yeye nikamweka kwenye umati. Akaniuliza polepole, "Pasta, ni kwa sababu mimi ni mweusi sana?" Nikacheka. Nikamwambia, "Hapana, wewe ni mrembo tu." Nikaendelea na orodha yangu.

Wiki kadhaa baadaye mama yake alikuja kuniona akiwa na kopo dogo la krimu mkononi. Alilikuta chini ya godoro la mtoto, halina hata karatasi ya kuonyesha kilichomo ndani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pasta, nisaidie kuongea naye." (Mama huyo ameniruhusu niwasimulie haya, mradi nisitaje jina.) Nilipoongea na mtoto, ndipo nikajua alianza kujipaka lini. Ni ile wiki ya kugawa nafasi.

Wapendwa, ziko krimu za kujichubua zenye zebaki, na zebaki huharibu figo. Lakini kabla ya kopo kufika chini ya godoro lile, orodha yangu ilikuwa imefika kwanza. Siku hiyo sikulala vizuri. Nilijiuliza: kwa nini kichwani mwangu Maria lazima awe mweupe? Hakuna mtu aliyenifundisha hivyo. Ama kuna?

Picha ya ukutani

Nikakumbuka nyumba ya shosho. Ukutani kulikuwa na picha ya Yesu: uso mweupe, nywele ndefu za kahawia, mwanga umemzunguka. Huenda hata kwenu ilikuwako. Picha ya aina hiyo iliyosambaa zaidi ilichorwa na Mmarekani aitwaye Warner Sallman, mtu wa Chicago, mwaka 1940. Nakala zake zimechapishwa kwa mamia ya mamilioni.

Sisemi Sallman alitenda dhambi. Kila watu humchora Yesu akifanana nao; Waethiopia wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, na Injili hazituambii nywele zake zilikuwaje. Shida inakuja pale picha moja inapojaa kila ukuta mpaka tunaiamini kama andiko. Mimi nilisoma biashara chuoni, na somo la masoko lilinifunza hivi: kitu mtu anachokiona kila siku, mwishowe anakiamini, hata kama hakuna aliyekithibitisha. Sasa fikiria mtoto wetu. Kitabu chake cha Shule ya Jumapili kina malaika mweupe na Shetani mweusi. Mtoto huyo amefunzwa somo ambalo mwalimu wake hakulitaja hata mara moja.

Maria tuliyemsingizia

Kuna toba ya pili. Nimewahi kusimama hapa madhabahuni nikasema Maria Magdalene alikuwa kahaba. Mlisema amina. Haya, fungua Luka 8 unitafutie hilo neno. Halipo. Kilichoko ni kwamba pepo saba walimtoka, na kwamba yeye, Yoana mke wa Kuza msimamizi wa Herode, Susana, na wanawake wengine wengi walihudumu kwa mali zao wenyewe.

Hebu nisome kama mtu wa hesabu. Yesu na wale kumi na wawili ni watu 13, wanazunguka mji kwa mji, kijiji kwa kijiji. Wanakula nini? Wanalala wapi? Nani analipa? Luka anatujibu kwa majina. Leo mtu kama huyo tungemwita mfadhili mkuu, na jina lake lingekuwa kwenye bango la mkutano.

Basi ukahaba ulitoka wapi? Mwaka 591, Papa Gregory wa Kwanza alihubiri kule Roma akawaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja: Maria Magdalene, Maria wa Bethania, na yule mwenye dhambi wa Luka 7 ambaye hata hakutajwa jina. Wachoraji wakalichukua jambo hilo, wahubiri wakalirudia, na sinema zikaja kulimalizia. Kanisa Katoliki lenyewe liliwatenganisha katika kalenda yake mpya ya 1969. Na sisi, tunaosema hatufuati mapokeo, ati tunafuata Neno tu, bado tunahubiri picha ya 591!

Soma Yohana 20. Bwana aliyefufuka anamtokea nani kwanza? Anamtuma nani kwa ndugu zake? Ni Maria huyu. Luka 24:11 inatuambia kwamba wale wanawake walipotoa habari, mitume waliona ni upuzi. Kumbe kumpuuza mwanamke kulianza asubuhi ile ile! Lakini Bwana hakubadilisha mjumbe.

Mtu wa Antiokia

Sasa Matendo 13:1. Kati ya manabii na walimu wa Antiokia yuko Simeoni aitwaye Nigeri. Hilo jina ni la Kilatini, na maana yake ni mweusi. Watu hao walifunga, wakaomba, wakawawekea Barnaba na Sauli mikono, wakawaacha waende. Zile safari za Paulo tunazozihubiri kila mwaka, mtu aitwaye Mweusi alikuwa kwenye mkutano uliozianzisha. Hakuwa kwenye umati. Alikuwa mbele, kati ya viongozi.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, soma kabla ya kuchora. Walimu wa Shule ya Jumapili, na mimi ninayetengeneza mabango ya kanisa, tuanze kwa Neno ndipo tuchague picha.

Pili, chunga hiyo "lakini." "Ni mweusi lakini ni mrembo." "Ni mwanamke lakini anahubiri vizuri." Tunadhani tunasifu, kumbe tunaomba msamaha kwa jinsi Mungu alivyomuumba mtu. Toa hiyo "lakini," uone kama sentensi itakufa.

Tatu, mzazi, keti na binti yako. Usianze na kuvamia kabati. Muulize tu: ukijiangalia kwenye kioo, unasikia sauti ya nani? Usishangae akitaja ya kwako. Mimi nilitajwa.

Nilienda nyumbani kwao. Mbele ya mama yake nikamwambia yule msichana, "Nilikukosea. Nafasi ilikuwa yako, na sababu uliyoniuliza ilikuwa ya kweli. Nilicheka kwa kuwa niliona aibu." Aliangalia chini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, Pasta." Hajasema zaidi ya hapo, na sina haki ya kumharakisha. Krimu ameacha. Maneno ya Maria, mama anasema, bado huwa anayarudia akiosha vyombo.

Tuombe: Baba, utusamehe kwa picha tulizozipenda kuliko Neno lako. Waponye watoto tuliowaweka kwenye umati na wewe ulikuwa umewaita kwa jina. Katika jina la Yesu, amina.