Jirani Kabla ya Nyumba

Anayenunua nyumba hununua nini? Ukimuuliza mwanasheria, atajibu kwamba hununua ardhi, kuta na paa, pamoja na haki ya kumzuia asiyetakiwa asivuke kizingiti. Ukimuuliza mnunuzi mwenyewe, hasa yule anayetafuta makao katika viunga vya miji ya Uingereza, atasema kwamba anatafuta mahali patulivu. Ameipita njia ile asubuhi na jioni, akaona bustani ndogo mbele ya kila nyumba, akasikia ndege na mtoto mmoja anayejifunza piano, basi. Bei aliyotajiwa ni ya matofali. Anacholipia moyoni mwake ni kile kimya. Hapo ndipo linapozuka suali linalostahiki kufikiriwa: je, utulivu ni kitu kinachoweza kuuzwa na kumilikiwa?

Viunga hivyo si vya kale sana. Baina ya 1919 na 1939 zilijengwa takriban nyumba milioni 4 katika England na Wales, nyingi zikiwa za makampuni binafsi, kandokando ya reli na barabara zitokazo mijini. Aghalabu zilikuwa nyumba pacha, mbili chini ya paa moja, zikigawana ukuta wa katikati. Familia ya karani au ya fundi ilitoa malipo madogo ya mwanzo, ikakopa yaliyobaki, ikalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wengi walitoka katika mitaa iliyosongamana, yenye moshi wa makaa na vyumba visivyopata jua. Si haki kuwacheka kwa kupenda kimya. Mgonjwa hukihitaji, mfanyakazi wa zamu ya usiku hukihitaji. Na mshairi naye, pindi anapohesabu mizani, hana rafiki bora kuliko hicho.

Lakini tazama, msomaji, kimya hicho kimesimama juu ya nini. Ule ukuta wa katikati una mwenyewe upande huu na mwenyewe upande ule, na sheria ya mwaka 1996 inamtaka mwenye nyumba ampe jirani taarifa ya maandishi kabla hajaanza kazi kubwa juu yake. Zamani zaidi, mwaka 1848, mahakama ya Uingereza iliamua katika kesi ya Tulk na Moxhay kwamba mtu aliyenunua bustani ya Leicester Square, London, hali anajua kuwa mnunuzi wa mwanzo aliahidi kutoijenga, hawezi kuivunja ahadi ile kwa hoja kwamba hakuitoa yeye. Maana yake ni nzito: ardhi hununuliwa pamoja na ahadi za waliotangulia. Hata sheria, ipendayo kusema changu na chako, imekiri kwamba utulivu wa mahali hutegemea kujizuia kwa watu wengi, wala hautoki katika hati ya mtu mmoja.

Kosa huanza pale mnunuzi anaposahau jambo hilo, akadhani kwamba kimya kimo ndani ya risiti yake. Kilichonunuliwa hulindwa, na kinacholindwa kwa hofu hutafutiwa mwizi.

Mfano wake ulionekana Oxford. Kaskazini ya mji huo, mahali paitwapo Cutteslowe, halmashauri ya mji ilijenga nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo, baadhi yao wakiwa wamehamishwa kutoka makazi duni yaliyobomolewa. Kampuni binafsi ikajenga nyumba za kuuza kando yake, ikachelea kwamba wanunuzi hawatapenda majirani kama wale. Disemba 1934 ikasimamisha kuta mbili kukata njia za kupita baina ya sehemu hizo, kila ukuta ukiwa na kimo cha zaidi ya mita 2 na miiba ya chuma juu yake. Wapangaji waliotaka kufika barabara kuu ya Banbury wakalazimika kuzunguka. Mwaka 1938 halmashauri ilizibomoa. Kampuni ikazijenga upya, na mahakama ikaipa haki. Hazikuondoka mpaka 1959, baada ya halmashauri kuvinunua kwa pauni 1,000 vipande vya ardhi vilivyobeba kuta hizo.

Mtu atasema kwamba kila mmoja ana haki ya kuchagua pa kukaa. Naam, anayo. Wala si lazima kudhani kwamba walionunua nyumba zile walikuwa watu waovu. Aliyekopa kwa miaka mingi huiogopa kila sauti inayoweza kushusha thamani ya mali yake pekee. Lakini kuchagua pa kukaa ni jambo moja, na kumfungia mwenzio njia ni jambo jingine. Mtoto wa mpangaji aliyetumwa dukani, akazunguka na kapu lake katika mvua, alikuwa akilipa sehemu ya bei ya utulivu ule, ingawa jina lake halikuandikwa katika mkataba wowote. Basi kipimo ni hiki: kabla ya mtu kusema kimya hiki ni changu, aulize nani mwingine anayekilipia.

Siku hizi ukuta aghalabu hauonekani. Muuzaji wa nyumba huko hujaza fomu inayomuuliza, pamoja na mengine, iwapo amewahi kuwa na ugomvi na jirani. Ni suali la hekima, linalopatana na msemo wa Waarabu uliokwishazoeleka pwani: jirani kabla ya nyumba. Hata hivyo lina mtego ndani yake. Aliyeudhiwa huweza kunyamaza asipeleke malalamiko, asije akalazimika kuyataja siku ya kuuza. Njia huwa shwari, na nyuma ya mapazia kinyongo kinakua. Kiswahili hakikukosea kuweka mbali kimya, utulivu na amani. Na wahenga walikwishaonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Msomaji wa pwani asijipongeze mapema. Ni kweli kwamba nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu zina baraza nje, na mpita njia hupata pa kukaa bila ya kuulizwa amenunua nini. Lakini kuta ndefu zilizopandwa vipande vya chupa zimo kwetu pia, na wanaojificha nyuma yake huutafuta utulivu uleule.

Jirani anayepunguza sauti ya redio saa nne ya usiku hakuuza kitu, ametoa. Na kinachotolewa hakilindwi kwa miiba, hulipwa kwa mfano wake: salamu, njia iliyoachwa wazi, malalamiko yanayosemwa kwa upole yangali madogo. Huko Cutteslowe kuta zimekwisha, lakini njia moja iliyonyooka ingali na majina mawili: upande huu Wolsey Road, upande ule Carlton Road. Jina hubadilika pale pale ulipokuwa ukuta.